Barua kwa mpwa wangu anayetaka kuanza Kijapani

Mpwa wangu mpendwa,

Uliniuliza ununue kitabu gani, uweke programu gani kwenye simu, na kama hapa Nairobi kuna mahali panapompokea mtu asiyejua hata neno moja la Kijapani. Nakujibu hadharani kwa sababu vijana wengine wameniuliza hayo hayo, na wengi wao, kama wewe, wamekwisha kujaza simu programu kabla ya kuijua herufi moja.

Kwanza ujue kwamba sikio lako limekwisha kuanza. Baba yako anapowasha gari lake, lililotoka Japani likiwa limetumika kama mengi ya mji huu, sauti ya mwanamke husema "ETC kaado ga sounyuu sarete imasen", yaani kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Umeisikia tangu utotoni bila kuijali. Kesho isikilize vizuri: kaado ni kadi, ga inaonyesha kiima, kitenzi kinafuata, na ukanushaji unakaa mwisho kabisa, katika ile -sen. Sisi tukisema "haijaingizwa", ha- ya mwanzo imekwisha kutoa habari yote; Mjapani anakutaka usubiri hadi neno la mwisho ndipo ujue kama ni ndiyo au siyo.

Matamshi hayatakusumbua sana. Kijapani kina irabu tano kama zetu, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo sakana (samaki) na kuruma (gari) utazitamka sawa siku ya kwanza. Panapohitaji uangalifu ni kwenye urefu wa sauti: obasan ni shangazi, obaasan ni bibi, yaani mama wa mzazi wako, kite ni "njoo", kitte ni stempu ya posta. Lakini wewe hujawahi kuchanganya kufa na kufaa, na sikio linalotofautisha maneno hayo mawili litayatofautisha hata hayo ya Kijapani.

Kazi iko kwenye maandishi, na hapa nakuomba unisikilize kuliko popote pengine katika barua hii. Mimi nilianza na kitabu kilichoandika Kijapani chote kwa herufi hizi zetu, nikakisoma miezi mitano, kisha nikashindwa kusoma mstari mmoja wa maandishi halisi. Ikabidi nirudi mwanzo, huku macho yamezoea njia ya mkato isiyofika kokote. Anza na hiragana, herufi 46 za msingi, uziandike kwa mkono katika daftari la miraba hadi mkono wenyewe uzijue, kisha katakana, nazo 46, ambazo ndizo huandika maneno ya kigeni kama ile kaado. Nusu saa kila siku itakufikisha huko kwa wiki chache. Kanji, yaani alama zenye asili ya Kichina ambazo kila moja ina maana yake, zilizo kwenye orodha ya serikali ya Japani kwa matumizi ya kawaida ni 2,136. Usizihesabu sasa, jifunze chache zinazotokea katika somo lako.

Kuhusu vifaa, chagua kimoja kwa kila kazi, vingine uvifute. Kwa kusikiliza, NHK World, idhaa ya kimataifa ya utangazaji ya Japani, ina masomo ya bure ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili, jambo adimu mno, kwa kuwa karibu vitabu vyote vitakutaka upitie Kiingereza kwanza. Kwa kitabu, pakua Irodori ya Japan Foundation, taasisi ya Japani ya kueneza lugha na utamaduni wake: ni bure pamoja na sauti zake, na imetungwa kwa mtu atakayeishi na kufanya kazi Japani, kwa hiyo inafundisha kununua, kula na kuomba msaada. Chapisha sura moja moja pale saiba, usichapishe kitabu kizima. Kwa kukumbuka maneno kuna Anki, programu ya kadi za kujikumbusha, isiyolipiwa kwenye Android na kompyuta, nayo hukurudishia neno karibu na wakati unapotaka kulisahau. Basi, hivyo vinatosha mwaka mzima.

Darasa ni muhimu kwa sababu programu hizi haziwezi kukuambia kwamba umeitamka sauti vibaya. Kabla ya kumlipa mtu yeyote, piga simu kituo cha habari na utamaduni cha Ubalozi wa Japani, Upper Hill, uulize ni wapi panafundishwa kwa sasa. Mtihani wa JLPT, unaopima Kijapani cha wageni, nao hufanyiwa hapa Nairobi mwezi Desemba. Ngazi ya chini ni N5, ya juu N1. Ufanye ukiwa tayari, ila ujue kwamba haupimi kuzungumza wala kuandika, kwa hiyo usiuache uwe mwalimu wako.

Ukimaliza hiragana, niandikie neno moja tu kwa mkono wako, "shangazi", unitumie picha yake. Nitaangalia kama ile a umeifanya fupi au ndefu.

Shangazi yako