Barua kwa Papa Neema: mapipa ya alumini na maji ya Kivu

Muhumba, Bukavu

Ndugu yangu Papa Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi wazima, watoto wamefunga shule, na upepo wa kiangazi umeshaanza kusumbua wavuvi wa sambaza. Barua yako imefika pamoja na picha za boti yako inayoelea juu ya mapipa mawili ya alumini. Hongera sana kwa kuipata. Nimeuona ule mstari mweupe uliouwekea alama, unaozunguka mapipa yote mawili palipo usawa wa maji, na utelezi mweusi chini yake. Unasema vijana wa hapo ufukweni wako tayari kuyasugua kwa majivu na mchanga mpaka yang'ae. Tafadhali waambie wasubiri.

Katika kusafisha, majivu ndiyo yanayonitia hofu kuliko vyote. Mama zetu husugulia sufuria majivu, nayo ikang'aa, basi kila mtu huamini kwamba alumini inayong'aa ndiyo iliyo salama. Sivyo. Alumini ikiguswa na hewa hujifunika ngozi nyembamba mno ambayo jicho haliioni, na ngozi hiyo ndiyo inayoikinga isiliwe. Ile rangi ya kijivu iliyofifia usiione kama uchafu. Majivu yakilowa hutoa magadi, magadi huyeyusha ngozi ile kisha hushika metali yenyewe. Soda kostiki ni kali zaidi, na sabuni nyingi za unga nazo zina magadi ndani. Sufuria ikitoboka utapata nyingine sokoni Birere. Pipa likitoboka katikati ya Goma na Idjwi, una watu juu yake.

Halafu kumbuka maji yetu yalivyo. Chemchemi za chini humwaga madini ziwani bila kukoma. Kila lita hubeba takriban gramu 1 ya chumvi, na maji ya juu yana pH karibu na 9, yaani yako upande wa magadi tayari. Alumini huvumilia hapo, lakini haina nafasi kubwa ya kuongezewa mzigo. Mstari wako mweupe ni chokaa, ileile inayoganda kwenye mawe ya ufukweni.

Ningekuwa hapo ningefanya hivi. Siku mtakapoivuta nchi kavu, ioshe siku hiyohiyo, utelezi ukiwa bado mbichi. Maji mengi na burashi laini ya plastiki vitautoa karibu wote, lakini ukiuacha ukaukie juani utashika kama gundi. Baada ya hapo tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Chokaa itakayobaki, ipake siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kivulini, ukianzia chini kwenda juu ili matone yasichore michirizi. Iache dakika chache, sugua kidogo, suuza kabla haijakauka. Rudia ikibidi, maana kurudia hakudhuru kama kukwangua. Zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zisikaribie boti, kwa sababu huacha punje za chuma ndani ya alumini na kila punje huanzisha kidonda chake. Asidi ya betri pia usikubali hata ukiambiwa inafanya kazi haraka. Na mtu asimwage Javel, ile dawa ya kung'arisha nguo, pale penye siki, hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Fanyeni kazi hiyo mbali na mahali watu wanapochota maji.

Sasa, uchafu wa nje unaonekana na kila mtu. Mimi naogopa zaidi metali nyingine zinazogusa alumini penye unyevu. Kuna boti moja hapa tuliyoifungua sakafu. Juu ya pipa, kwenye kona ya kishikizo, kulikuwa na kipande cha waya wa shaba kifupi kuliko ukucha, kilichoangushwa na fundi wa umeme. Kilikuwa kimezungukwa na unga mweupe kama wa muhogo. Nilipoufuta kwa kidole nikakuta tundu ambalo sindano ingepita. Kwa hiyo mafundi wakimaliza kufunga taa, mwenyewe piga magoti upapase. Bolti za inoksi, yaani chuma kisichoshika kutu, ziwekewe pete za plastiki. Mbao za sakafu zikiwa zimetiwa dawa yenye shaba zisilale moja kwa moja juu ya alumini. Abiria wakija na magunia ya makala (makaa) au saruji, yawekwe juu ya turubai kavu, kwa kuwa makala mabichi na saruji iliyolowa vyote huila alumini. Na waya hasi wa betri usifungwe kwenye pipa. Kila taa iwe na nyaya zake mbili, na swichi kuu izimwe boti ikiegeshwa.

Umeuliza habari ya anodi, vile vipande vya metali vinavyofungwa kwenye boti ili viliwe badala ya mapipa. Zinki ni ya baharini, kwenye maji matamu hujifunika ganda ikalala. Magnesi ni ya maji matamu hasa, na Kivu ina chumvi ya kuimaliza mapema. Tafuta zile za aloi ya alumini, usizipake rangi kamwe, ubadilishe zikifikia nusu. Rangi yenye shaba ya kuzuia viumbe vya majini usinunue hata ukipewa bure. Huku hatuna kombe za baharini, na shaba ile ingeyala mapipa.

Jambo la mwisho ni lile uliloandika, kwamba boti inainamia kushoto. Hilo naliona kubwa kuliko mstari mweupe. Mkiwa nchi kavu fungua kizibo cha pipa la kushoto uone kama maji yatatoka. Yakitoka, likaushe, paka povu la sabuni kwenye maungio yote, kisha ingiza hewa kidogo sana kwa pampu ya baisikeli. Kompresa ya matairi inaweza kulipasua. Povu litakapochemka, weka alama. Mawe ya lava ya ufukwe wenu yana makali, kwa hiyo anza kutazama chini kwenye pua, kisha muwe mnaivutia juu ya magogo.

Fundi wa kuchomea mageti asiguse tundu hilo kwa fimbo zake za chuma. Alumini huchomewa kwa mashine yenye gesi ya argoni, na hapa yupo mtu anayeijua kazi hiyo. Nitumie picha ya alama kabla hujamlipa yeyote, nitamuuliza bei.

Msalimie Mama Neema na watoto wote.

Ndugu yako wa Muhumba