Barua kwa mwanangu: ile DB5 uliyoicheka

Mwanangu, mzima? Mama yako kaniambia umeicheka ile picha niliyotuma kwenye grupu la familia, eti baba kaenda Uingereza kunyoosha magari ya marehemu. Haya cheka tu, ila hiyo ni Aston Martin DB5, gari la kifahari la Kiingereza, na umeuliza kwa nini mtu alipe bei ya nyumba kwa gari la mwaka 64, nakujibu kwa urefu maana leo niko ofu.

DB ni David Brown. Babu yako atalijua hilo jina kwenye matrekta, na ni yeye yule yule, tajiri wa gia na matrekta, aliinunua Aston Martin mwaka 1947. DB5 zilitoka kiwandani Newport Pagnell kati ya 1963 na 1965, zote kwa jumla 1,059 tu. Silinda 6 kwenye mstari, cc 3,995, kabureta tatu za kampuni ya SU, gia tano, spidi inafika kama kilomita 230 kwa saa. Na wala si gari la mashindano, ni la mtu na mkewe kutupia mabegi nyuma watoke London mpaka kusini mwa Ufaransa na wafike migongo haiumi.

Sasa bodi ndo kazi yangu. Waitaliano wa kampuni ya Touring kule Milano walibuni utaratibu uliotumika kwenye DB5, wa mabomba membamba ya chuma, halafu bati za alumini zinalazwa juu yake, gari linakuwa jepesi kweli, lakini chuma na alumini vikigusana halafu mvua za huku na ile chumvi wanayomwaga barabarani kipindi cha baridi vikaingia katikati, vinaanza kulana. Nje rangi inang'aa, ndani ukichokonoa na bisibisi bomba linabomoka. Kwa hiyo hupigi puti ukamaliza, unavua bati lote, unachomelea mabomba mapya, ndo unaanza kugonga bodi upya kwa mkono, ni kazi ya masaa maelfu.

Lakini kinachouza zaidi ni faili la karatasi za gari. Namba ya chesisi ikiishia na R ni usukani wa kulia, L wa kushoto, namba ya injini inaanza na 400, wanaangalia kama ni injini ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Halafu kuna kadi za zamani, zile za kabla ya kompyuta, kila mwenye gari kaandikwa jina na anuani na mhuri wa halmashauri. Kwenye kadi ya hili tunalotengeneza alianza daktari, wakafuata wengine, mpaka jamaa mmoja akalifungua lote akaliacha kwenye maboksi miaka na miaka, na simlaumu, enzi hizo lilikuwa gari kuukuu tu la kula mafuta.

Na jina kwenye kadi linalipa bwana! Paul McCartney, mwanamuziki wa bendi ya Beatles, aliagiza yake 1964, akafungiwa na kicheza santuri humo ndani. Mwaka 2012 iliuzwa mnadani kwa pauni laki tatu na kitu, 2017 ikauzwa tena, zaidi ya milioni 1.3. Gari ni lile lile.

Kinachonikera ni wateja wanaotaka rangi ya fedha kwa sababu ya James Bond, yule jasusi wa sinema aliyeendesha DB5 ya rangi hiyo. Hili tulipovua dashibodi tukakuta rangi yake ya kwanza ni bluu, nikamwambia mzee mwenyewe rudisha bluu, kakataa, hela ni yake.

Sasa na wewe, ile Land Rover ya babu usimuuzie mtu wa skrepa. Tafuta kwanza kadi yake kwenye lile sanduku la bati, na risiti zozote hata za gereji, uzipige picha unitumie, na fundi akija kuchomelea mwambie asipitishe grainda kwenye namba ya chesisi. Rangi msipige kwanza, nitatuma hela mwisho wa mwezi.

Baba