Asilimia ya nani?

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Lile swali la GMAT, mtihani wako wa kujiunga na shule ya biashara, ulilonitumia picha yake nimelifanya jana usiku baada ya chakula. Mahesabu yako hayana kasoro, ila asilimia mojawapo umeikata kwa watu wasio wake.

Swali linasema asilimia 60 ya wafanyakazi wa kampuni wanajua Kifaransa. Katika hao, asilimia 25 wanajua na Kiarabu. Halafu, katika wanaojua Kiarabu, asilimia 40 hawajui Kifaransa. Wasiojua hata lugha moja ni asilimia ngapi?

Wewe ulichukua wale 40 wasiojua Kifaransa, ukakata asilimia 40 yao, ukapata 16, ukabakiwa na 24. Na 24 imo kwenye machaguo! Watunzi wanajua fika watu wanateleza wapi. Kabla hujazidisha chochote, jiulize: asilimia ya nani? Hii 40 ni ya wanaojua Kiarabu, na idadi yao bado hujaijua.

Fanya wafanyakazi ni 100, uchore jedwali. Juu weka Kiarabu, wasio Kiarabu, jumla; ubavuni Kifaransa, wasio Kifaransa, jumla. Kifaransa ni 60, wengine 40. Robo ya 60 ni 15, hao wanajua zote mbili. Sasa, kama asilimia 40 ya watu wa Kiarabu hawajui Kifaransa, basi asilimia 60 yao wanakijua, nao ndio hao 15. Kwa hiyo wote wa Kiarabu ni 25. Toa 15, wanabaki 10 wanaojua Kiarabu peke yake. Toa 10 kwenye 40, wasiojua lugha yoyote ni 30. Wakikuambia kampuni ina watu 240, ndipo utafute asilimia 30 yake, 72, mwishoni kabisa.

Miduara ya Venn, ile inayopishana mliyofundishwa sekondari, inapendeza, lakini hapa mimi siipendi, kwa sababu wale wa nje ya miduara husahaulika upesi. Jedwali limewatengea chumba chao. Iache miduara kwa makundi matatu, na hapo usichanganye "mawili tu" na "angalau mawili".

Kuna na maswali ya idadi ndogo kabisa na kubwa kabisa inayowezekana. Asilimia 70 wana redio, 80 wana simu: wenye vyote viwili hawapungui 50, maana 70 na 80 ni 150 na watu ni 100 tu, wala hawazidi 70.

Sehemu ya hesabu ina maswali 21 kwa dakika 45, bila kikokotoo, yaani dakika mbili na kidogo kwa kila moja. Jedwali likigoma kujaa, chagua jibu, weka alama, songa mbele. Ukipata muda mwishoni unaruhusiwa kurudi na kubadili majibu hadi matatu.

Baba yako anakusalimu, anauliza kama hela ya ada ya mtihani imeingia.

Mama yako