Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wakulima wa Maua ya Nyumbani, Lushoto, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Hesabu atazisoma mweka hazina, sitamwingilia. Wanachama wapya mmeshawapokea kwa chai na mihogo, nami nawakaribisha tena. Langu leo ni maua yenyewe: yalivyotoka, yalivyosafiri, na kazi inayotungoja kabla ya masika.

Agapanthasi ndiyo iliyotubeba, hasa ile ya bluu, na kala nyeupe ikafuata kwa ajili ya harusi. Waridi naomba tusiendelee kulilia. Mashamba makubwa ya Arusha na Naivasha yana mabanda, vyumba vya baridi na dawa. Sisi tuna ua wa nyumba na ndoo. Krisanthemamu nayo imewavunja moyo wengi, na sababu si mbolea. Mmea huu hutoa tumba usiku unapokuwa mrefu, na huku kwetu usiku ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kwa hiyo unachanua ukiwa bado mfupi, kikonyo hakitoshi hata chupa. Wenye mashamba huwasha taa usiku ili kuudanganya. Anayetaka kujaribu ajaribu, ila bili ya umeme asilete hapa kikaoni.

Sasa jambo lililotuuma zaidi: safari. Mzigo mmoja wa kanesheni ulifika mjini ukiwa umelala, petali zimejikunja kwa ndani, na hata baada ya kuwekwa majini usiku kucha hazikufunguka. Mteja alikataa kulipa, na alikuwa na haki. Maua yalikatwa vizuri, maji yalikuwa safi. Kumbe ndoo zilipangwa kwenye buti la basi katikati ya matenga ya plamu na peasi. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, haionekani, nayo huzeesha ua haraka. Kanesheni ndiyo inayoathirika upesi kuliko karibu maua yote tunayopanda. Msimu wa plamu huku unaangukia Desemba, wakati huohuo harusi zimepamba moto. Kamati imeamua maua yasipande buti moja na matunda, na anayesindikiza mzigo hadi Mombo ahakikishe kwa macho yake. Hata nyumbani, ndoo ya maua isikae chumba kimoja na mkungu wa ndizi unaoiva.

Kuhusu kuvuna, nimeona visu vingi mno. Kala haikatwi, inavutwa: shika kikonyo chini kabisa, kizungushe kidogo, vuta. Kisiki kinachobaki baada ya kisu huoza na kupeleka uozo kwenye tunguu. Alstromeria iliyokwisha shika mizizi nayo ivutwe, maana kuvuta ndiko kunakoamsha machipukizi mapya; ile changa ikatwe tu, isije ikang'oka yote. Vuneni alfajiri, umande ukiwapo, na kala iwekwe kwenye maji machache, yasizidi kina cha vidole vitatu, kwa sababu kikonyo chake kikizama sana hulainika na kupasuka.

Nije kwenye mashina. Agapanthasi za wanachama wa kwanza zimesongamana, majani tele, maua yanapungua. Zinatakiwa kugawanywa kila baada ya miaka minne au mitano, na baadhi yetu tumekaa nazo muda mrefu kuliko huo huku tukinunua miche mipya kwa fedha ya chama. Sioni sababu ya kuendelea hivyo.

Kalenda ya 2026 imetupa nafasi. Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, na Ramadhani inatazamiwa kuanza siku hizohizo, mwezi ukiandama. Pasaka ni tarehe 5 Aprili. Baada ya ile biashara ya tarehe 14 Februari, basi, hakuna harusi, hakuna sendofu, hakuna kicheni pati kwa Waislamu wala kwa Wakristo hadi mfungo uishe. Wengine mtaona ni hasara. Mimi naona ni wakati wa jembe: agapanthasi imemaliza kuchanua, na mvua za masika ziko njiani.

Chimbueni shina zima, gaweni kwa panga lenye makali, kila kipande kibaki na machipukizi mawili au matatu pamoja na mizizi yake. Majani punguzeni nusu. Anayegawa asitegemee maua mengi msimu unaofuata, ndiyo maana napendekeza kila mtu agawe theluthi moja tu ya mashina yake mwaka huu, tusije tukakosa cha kuuza Desemba. Ziada iletwe kwa katibu, wanachama wapya wapewe kwanza, bila malipo.

Pendekezo hilo la theluthi linahitaji kura yenu leo, pamoja na lile la ununuzi wa miche kusimama kwa mwaka mmoja.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti