Barua kwa Mwanangu: Ubao wa Tarehe 21 Mei

Mwanangu mpendwa,

Nimeipitia orodha yako ya "Siku Kama ya Leo" mtakayobandika shuleni. Matukio umeyachagua vizuri, ila usibandike kwanza. Wengi wanaokosea tarehe huteleza kwenye usiku.

Anza na MV Bukoba, meli ya abiria ya Ziwa Victoria. Ubao huo uko Mwanza, na miongoni mwa watakaousoma wamo wenye ndugu waliozikwa Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa katika ajali hiyo. Wewe umeandika "ilizama usiku wa Jumanne". Kwa hesabu ya wazee wetu, siku huanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Jumanne ni ule unaotangulia mchana wake. Kwa kalenda ya ukutani ni ule unaoufuata. Msomaji atashika upi? Andika hivi: meli iliondoka Bukoba jioni ya Jumatatu, ikapitia Kemondo, ikapinduka asubuhi ya Jumanne, 21 Mei 1996, ikiwa imeshakaribia Mwanza.

Idadi ya waliofariki iandike "zaidi ya 800", kisha taja sababu ya kutokuwa na hesabu kamili: daraja la kwanza na la pili yalikuwa na orodha ya abiria, la tatu halikuwa nayo. Jambo jingine: meli haikuzama papo hapo. Ilibaki ikielea tumbo juu, na ndani walikuwamo watu hai. Ilipotobolewa ili waokolewe, hewa iliyokuwa imeibeba ikatoka, ikazama nao. Hayo yaandike kwa sentensi mbili tulivu, bila alama za mshangao.

Siku ya wiki uihakiki kwa vidole. Kila mwaka tarehe husogea siku moja mbele. Februari ikiwa na siku 29, husogea mbili. Kutoka 21 Mei 1991 hadi 21 Mei 1996 ni miaka mitano, ongeza siku mbili za 1992 na 1996, unapata saba, yaani wiki kamili. Basi 21 Mei 1991 nayo ilikuwa Jumanne. Ukipata jibu jingine, kuna Februari uliyoisahau.

Jumanne hiyo ya 1991 ina mambo mawili. Mengistu Haile Mariam, mtawala wa Ethiopia, aliikimbia nchi yake kwenda Zimbabwe. Kwenye kalenda ya Kiethiopia utaikuta ni tarehe 13 Ginbot 1983, usidhani ni mwaka mwingine. Tarehe hiyohiyo, baada ya jua kuzama, Rajiv Gandhi, waziri mkuu wa zamani wa India, aliuawa kwa bomu Sriperumbudur, kusini mwa nchi hiyo.

Suharto, rais wa Indonesia, alijiuzulu 21 Mei 1998, saa tatu asubuhi ya Jakarta. Huku kwetu ilikuwa saa kumi na moja alfajiri ya tarehe hiyohiyo, lakini Washington bado ilikuwa usiku wa tarehe 20. Kanuni ya kufuata ni tarehe ya mahali tukio lilipotokea, wala si ya gazeti lililoliripoti.

Kwa safari za ndege, angalia kama unaandika kuondoka au kutua. Rubani Charles Lindbergh aliondoka New York asubuhi ya 20 Mei 1927, akatua Paris saa nne usiku wa tarehe 21, baada ya saa 33 na nusu angani, peke yake. Rubani Amelia Earhart aliondoka Newfoundland jioni ya 20 Mei 1932, akatua Ireland Kaskazini kesho yake. Wote wawili ni wa tarehe 21 kwa kutua, na neno "alitua" lazima lionekane. FIFA kuanzishwa Paris mwaka 1904 ni mstari mmoja tu.

Usipange kwa miaka, maana FIFA itakaa juu na meli itabanwa katikati. MV Bukoba ipe karatasi yake peke yake, upande wa kushoto, usawa wa macho. Mengine yote yakae kwenye karatasi ya pili. Na picha ya mpira usiibandike karibu nayo.

Mama yako