Kalenda tatu kwenye msumari mmoja

Mhariri,

Juzi nilikwenda kubandua kalenda ukutani, nikakuta nyingine chini yake, na ya tatu chini ya hiyo. Miaka mitatu imening'inia kwenye msumari mmoja, nami sikumbuki hata ilivyopita.

Nina miaka 63. Mwaka 1877 mwanafalsafa Mfaransa, Paul Janet, alilieleza jambo hili, la miaka kuonekana kwenda mbio kadiri tunavyozeeka, kwa hesabu: kwa mtoto wa miaka 5, mwaka mmoja ni sehemu moja ya tano ya maisha yake, kwangu mimi ni moja ya 63. Sina ugomvi na hesabu. Ila kosa langu naliona kwingine: siku zangu zilifanana mno, akili ikakosa pa kuweka alama.

Basi nimeanza kujifunza kinanda. Vidole vikavu kama vijiti, mjukuu wangu huziba masikio (simlaumu). Lakini wiki ile ya kwanza naikumbuka siku kwa siku: Jumanne kidole gumba kiligoma, Alhamisi nilinuna nikafunga kifuniko, Jumamosi nikapiga mistari miwili bila kukosea.

Wastaafu wenzangu wanaosema "tumeshachelewa" wanijibu humu humu gazetini. Wimbo mmoja ninao tayari. Nusu yake, kwa kweli.

Mstaafu, msomaji wenu wa kila siku