Jibu la 10.9 lina habari yake: tusiwafundishe wanafunzi kulificha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaoanza maabara ya fizikia chuo kikuu, pamoja na walimu wenzangu tunaosahihisha ripoti zao. Kuna tabia imeota mizizi. Mwanafunzi anapima pendulamu, yaani tufe linalobembea kwenye uzi, anakokotoa mchapuko wa mvutano wa dunia (katika mita kwa sekunde mraba), anapata 9.5 au 10.9, kisha anarudi kwenye jedwali kubadilisha namba mpaka jibu lisome 9.81 ya kitabuni. Anajua alama zinafuata ukaribu wa jibu na kitabu. Hapo ndipo somo lenyewe linapokufa, kwa sababu jibu lililokosewa kwa uaminifu hueleza kosa liko wapi, na jibu la kughushi halielezi chochote.

Hata hiyo 9.81 yenyewe si namba moja kwa dunia nzima. Kwenye usawa wa bahari, Ikweta ina takribani 9.780 na ncha za dunia takribani 9.832, na ukipanda mlima inapungua kidogo. Mwanafunzi aliye karibu na Ikweta akapata 9.78 halafu akaisukuma hadi 9.81, amefuta ukweli kwa mkono wake.

Tuichukue hiyo pendulamu tuitazame kwa karibu. Uzi ubanwe katikati ya vipande viwili bapa vya mbao au vya kizibo, usifungwe kwa kuuzungusha kwenye fimbo ya stendi, kwa sababu ukizungushwa sehemu unapoanzia kubembea huhamahama. Urefu upimwe tufe likiwa limeshaning'inia, maana uzi hunyooka na kurefuka, na upimwe kutoka kwenye ncha ya kibanio hadi katikati ya tufe. Uzi wa sentimita 80 uvutwe pembeni usizidi sentimita 14 hivi, yaani pembe ya nyuzi 10, uachiwe bila kusukumwa, na mtu ahakikishe tufe linakwenda na kurudi kwenye mstari mmoja, halizunguki duara. Muda uanze kuhesabiwa tufe linapopita chini kabisa, mbele ya alama uliyoiweka. Pale mwendo ni mkali na jicho halibabaiki, tofauti na kwenye ncha ya mbembeo ambako tufe hukawia.

Kwa nini mibembeo 20 na si mmoja? Mkono wa binadamu hukosea saa kwa kama sekunde 0.2. Mbembeo mmoja wa uzi huo, yaani kwenda na kurudi, huchukua sekunde 1.8 hivi, kwa hiyo ukipima mmoja unabeba shaka, yaani kiasi ambacho kipimo kinaweza kuwa kimekosea, la asilimia 11. Muda unaingia kwenye fomula ya mchapuko (4π² mara urefu, gawanya kwa muda mara muda) ukiwa umezidishwa kwa wenyewe, hivyo shaka hilo linakuwa asilimia 22 kwenye jibu. Ukipima mibembeo 20, sekunde 0.2 hizohizo zinagawanywa kwenye sekunde 36, na jibu linabaki na shaka la asilimia 1 tu.

Sasa zile 10.9. Karibu kila zinapotokea, mhesabuji amesema "moja" alipobonyeza saa badala ya "sifuri". Alipofika "ishirini" mibembeo ilikuwa 19. Muda ukapungua kwa asilimia 5, jibu likapanda kwa karibu asilimia 11. Ukiona 9.5, uliza pembe: ukiachia tufe kwenye nyuzi 30, mbembeo unarefuka kwa asilimia 1.7 na jibu linashuka kwa zaidi ya asilimia 3. Ukiona 9.7, angalia kama urefu uliishia juu ya tufe. Nusu kipenyo ya sentimita 1 iliyosahaulika kwenye uzi wa sentimita 80 inatosha kabisa kukuletea hiyo. Mwalimu anayesoma jibu la kweli anaweza kumwonyesha mwanafunzi kosa lake kwa dakika mbili. Akiletewa 9.81 iliyopikwa, hana pa kuanzia.

Ndiyo maana naisisitiza grafu. Badilisha urefu mara sita au zaidi, kuanzia sentimita 40 hadi 120, chora muda wa mbembeo uliozidishwa kwa wenyewe dhidi ya urefu. Mteremko wa mstari uwe karibu na 4.0 katika sekunde na mita. Kama ulisahau ile sentimita 1 ya tufe katika vipimo vyote, mstari hautapita kwenye sifuri; utakata mhimili wa wima karibu na 0.04. Mteremko unabaki salama, na kosa limejianika lenyewe. Anayelazimisha mstari upite kwenye sifuri kwa sababu nadharia inasema hivyo amelifunika kosa ambalo grafu ilikuwa imeshamwonyesha.

Kwenye kupima unene wa waya kwa mikromita, kile kifaa cha skrubu cha kupimia vitu vyembamba, hatari ni nyingine. Mikromita nyingi husogea nusu milimita kwa mzunguko mmoja, na ngoma yake, ile silinda inayozungushwa, ina migawanyo 50. Asiyeona mstari wa nusu milimita kwenye mhimili husoma milimita 0.22 mahali penye 0.72. Kipenyo nacho kinazidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo eneo analolipata ni chini ya sehemu moja ya kumi ya eneo halisi. Funga mikromita tupu kwanza uone inasomaje: ikisoma 0.02, toa hiyo 0.02 kwenye kila kipimo. Kaza kwa kile kishikio cha nyuma kinachobofya, usikaze kwa nguvu za vidole. Pima waya sehemu kadhaa na kwa pande mbili zinazokingamana, kwa sababu waya mara nyingi si duara kamili.

Kwa umeme nitataja mawili tu. Ukimaliza kupima mkondo kwa multimita, kifaa kimoja kinachopima mkondo na volti, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla ya kugusa kitu kingine. Ukiusahau kwenye tundu la ampea ukapima volti za chanzo, umepitisha umeme mahali penye ukinzani mdogo sana na fyuzi ya ndani inakatika. Atakayeishika kesho ataona mkondo sifuri na kufumua sakiti nzima isiyo na kosa. La pili, washa swichi wakati wa kusoma tu. Mkondo hupasha waya joto, na ukinzani wa waya wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto.

Daftari liandikwe kwa kalamu ya wino, na kiandikwe kile saa ilichosoma: 35.8, 36.0, 35.9, 35.7, 36.1. Usigawanye kwa 20 kichwani ndipo uandike. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaoacha namba ikisomeka, uandike sababu pembeni. Wastani wa hizo tano ni 35.9, na shaka la wastani huo ni 0.07, yaani asilimia 0.2, linalokuwa asilimia 0.4 kwenye jibu. Urefu wa milimita 800 wenye shaka la milimita 1 unaongeza asilimia 0.13. Mashaka haya hayajumlishwi hivihivi: kila moja lizidishwe kwa lenyewe, yajumlishwe, kisha utafute kipeuo cha pili. Inatoka asilimia 0.42. Kikokotoo kitaonyesha 9.80214, lakini ripoti iandike 9.80 ± 0.04. Tarakimu zinazobaki hazikupimwa na mtu. Tena angalieni: jibu hilo linakubaliana na 9.78 na linakubaliana na 9.81. Aliyelipata hana cha kurekebisha.

Kokotoa jibu la kwanza kabla ya kufungua stendi. Ukipata 10.9, vifaa bado viko mbele yako, unaweza kuhesabu upya kuanzia sifuri. Kurudia kipimo kwa sababu inayojulikana ni halali kabisa, mradi vipimo vya mwanzo vibaki daftarini na sababu iandikwe.

Na sisi walimu tubadili usahihishaji. Ripoti ya alama 20 isiwe na hata alama moja ya ukaribu na kitabu. Tano ziende kwenye daftari la vipimo ghafi lililosainiwa mwanafunzi akiwa bado maabara, tano kwenye grafu, sita kwenye hesabu ya mashaka, na nne kwenye maelezo ya kwa nini jibu limetoka lilivyotoka. Sentensi ya kwamba kulikuwa na makosa ya kibinadamu isipewe kitu, kwa sababu haitaji kosa lolote. Mwanafunzi aliyeleta 10.9 ± 0.1, akagundua mwenyewe kwamba alianza kuhesabu na moja, akaonyesha kwamba mibembeo 19 inarudisha jibu kwenye 9.8, apewe zote nne.

Wako,
Mwalimu wa maabara ya fizikia